Mjomba aliambiwa virusi vya homa ya ini B "havionekani", sasa vimerudi na dawa anameza. Ni usugu au kuna kingine?

#1 Mwananzengo
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo yenu, hasa mliosomea au mnaoishi na huu ugonjwa.

Mjomba wangu yuko Mwanza, ana miaka 47. Mwaka 2011 alikwenda kumchangia damu ndugu aliyelazwa, akaitwa pembeni akaambiwa damu yake haifai, ana homa ya ini B. ALT, kile kipimo cha damu kinachoonyesha ini linaumia, ilikuwa juu, akaanzishiwa lamivudini peke yake, akawa anajinunulia duka la dawa kwa miaka mitatu hivi. Baadaye daktari mwingine akambadilishia entekaviri ya nusu miligramu. Vidonge alikuwa analetewa na shemeji yetu aliyekuwa anafuata mzigo India. Wingi wa virusi ukashuka mpaka karatasi ya majibu ikaandikwa havionekani. Nyumbani tulichinja.

Mwezi uliopita akawa anachoka ovyo, akapimwa: wingi 61,000, ALT 188. Daktari wa sasa kasema virusi vimekuwa sugu kwa dawa, anataka kumhamishia tenofoviri. Mjomba anaapa dawa hajaacha. Huku mtaani wanampigia kelele kwamba hizo dawa zinalea ugonjwa tu, aache ahamie kwenye mizizi.

Ninachotaka kuelewa: kama virusi vilishaisha, hivi vimetoka wapi? Na huu ni usugu kweli?

#2 Kambi Popote
Nimeweka kambi. Ngoja wataalamu waje.

#3 Dokta wa Kata
Pole kwa mjomba. Nianze na swali lako la "vimetoka wapi", maana hapo ndipo wengi wanapotelea.

Havikuisha. Kirusi cha homa ya ini B kikiingia kwenye seli ya ini kinapenya hadi kwenye kiini cha seli na kuweka humo nakala ya DNA yake iliyojifunga duara, wataalamu wanaiita cccDNA. Hiyo ndiyo inayotoa maagizo ya kutengeneza virusi vipya. Dawa zote tulizonazo za kumeza, lamivudini, entekaviri, tenofoviri, zinazuia kirusi kunakiliwa. Hazigusi lile duara. Mliowahi kulima mnaijua ndago: unapalilia shamba linabaki jeupe, lakini vile vitunguu vyake viko chini, mvua ikinyesha mara moja tu umerudi ulikotoka.

Kwa hiyo "havionekani" maana yake kwenye damu viko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu. Ini bado linavyo.

#4 Maabara Tu
Kabla hamjafika mbali na usugu: 61,000 za nini? Kuna maabara zinatoa majibu kwa IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita, nyingine bado kwa idadi ya nakala kwa mililita. IU moja ni kama nakala 5 mpaka 6. Kama hizo 61,000 ni nakala, basi ni kama IU 11,000 hivi. Bado ni nyingi, ila nimeona watu wakilia kwa sababu "virusi vimepanda mara tano" kumbe amebadilisha maabara tu.

Pili, kile kipimo cha zamani kilisoma kuanzia ngapi? Kuna mashine inaishia 10, kuna za zamani ziliishia mamia. Mtu anaweza kuandikiwa havionekani huku ana 150.

Mleta uzi tuwekee karatasi zote mbili, futa jina la mgonjwa.

#5 Baharia wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mfamasia, na hii historia nikiisoma tu naona jibu liko wazi. Tatizo lilianza 2011.

Lamivudini ilipitishwa Marekani kwa homa ya ini B mwaka 1998 na wakati huo ilikuwa mkombozi. Lakini kirusi huizoea upesi. Ukiitumia peke yake, mwaka wa kwanza pekee kati ya wagonjwa 100 kama 20 hivi wanapata usugu, na ukifika mwaka wa tano wanakaribia 70. Mjomba ameila miaka mitatu. Kwa hakika alihama akiwa na virusi vilivyokwisha kubadilika.

Sasa entekaviri sifa yake ni kwamba kirusi kinahitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja ili kuishinda. Kwa mtu ambaye hajawahi kula dawa nyingine, baada ya miaka mitano wenye usugu ni kama 1 tu kati ya 100. Lakini mabadiliko yale ya lamivudini ni sehemu ya safari hiyohiyo. Kwa hiyo aliyekwisha kuwa sugu kwa lamivudini amebakiza hatua moja. Kwao usugu wa entekaviri mwaka wa tano unafika karibu 51 kati ya 100. Nusu!

Daktari wa sasa yuko sahihi. Tenofoviri, mara moja.

#6 Dokta wa Kata
Baharia nakuunga mkono kwa sehemu kubwa, na niongeze: ile nusu miligramu ni dozi ya mtu ambaye hajawahi kutumia dawa. Kwa aliyegomewa na lamivudini, dozi iliyokuwa imeandikwa ni miligramu 1. Hata kwa hiyo miligramu 1, takwimu zake za usugu ndizo hizo ulizozitaja. Kwa hiyo mjomba alikuwa na nusu ya dozi ya mpango ambao wenyewe ulikuwa dhaifu.

Ila "kwa hakika" yako naipunguza. Hatujui kama lamivudini ilimgomea. Kuna waliobadilishiwa ikiwa bado inafanya kazi.

#7 Tabibu Asilia
Mnamzungusha mwenzenu na majina ya kizungu. Kuna mchanganyiko wa mizizi, siku 21 ini linakuwa safi. Nina watu zaidi ya mmoja walipima wakakuta negativu. Nifuate inbox.

#8 Mama Wawili
Tabibu, kwa heshima, naomba usimpoteze mgonjwa. Mimi ni muuguzi na nimewapokea watu wodini wameacha dawa kwa ajili ya hizo siku 21, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Mmoja alikuwa jirani yangu na hakutoka.

Hao "waliokuta negativu" wapo, sikatai. Mtu mzima akiambukizwa kwa mara ya kwanza ukubwani, zaidi ya 95 kati ya 100 mwili wenyewe unakiondoa kirusi ndani ya miezi sita. Akinywa mizizi atasema mizizi, akinywa soda atasema soda. Na hata wenye ugonjwa wa muda mrefu, wachache sana, kama 1 kati ya 100 kwa mwaka, HBsAg, ile alama ya kirusi kwenye damu, inapotea yenyewe. Ugonjwa wa kudumu tulio nao huku wengi waliupata wachanga au wadogo, na mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 anabaki nao.

#9 Kambi Popote
#8 umempa za uso kwa adabu kabisa 👏🏾

#10 BintiPemba
Assalam aleikum. Mie si daktari, ila mume wangu anatumia hiyo entekaviri mwaka wa nne sasa na nataka kuuliza kitu kimoja: mjomba anaimeza saa ngapi? Sisi tuliambiwa tumbo liwe tupu kabisa, masaa mawili baada ya kula na masaa mawili kabla ya kula tena. Chakula kinapunguza dawa inayoingia mwilini. Mwanzo mume wangu alikuwa anaimeza na chai ya asubuhi na maandazi, virusi vikawa havishuki vizuri. Alipobadilisha, anaimeza usiku wa manane akiamka kwenda msalani, vikashuka.

#11 Mzaramo Halisi
Watani zangu Wasukuma hapo ndipo kesi inapofungwa. Ugali ule wa usiku, mlima mzima, dawa itapita wapi? 😂 Itakuwa inasubiri foleni mpaka asubuhi.

Utani pembeni, pole sana mleta uzi. BintiPemba ameongea jambo la maana.

#12 Mwananzengo
Asanteni wote, nimejifunza mengi. Nimeongea na mjomba jana usiku kwa kirefu.

Karatasi mpya ni IU, nimehakiki. Ya zamani ni maabara nyingine, nayo imeandikwa IU, chini ya 20. Kwa hiyo Maabara Tu, kimepanda kweli.

Kuhusu kumeza: ni baada ya chakula cha usiku, miaka yote. Mtani umeshinda 😅 Hakuna aliyewahi kumwambia.

Halafu kuna jambo kalisema kwa kusitasita. Kipindi cha Korona, India walipofunga anga Machi 2020, shemeji alikwama na vidonge vikawa vinakaribia kuisha. Mjomba akawa anameza leo, kesho anaruka, ili visogee. Kwake yeye hiyo si kuacha. Baadaye shemeji hakurudi tena kwenye ile biashara, na sasa vidonge anavipata kwa mtu Kariakoo.

#13 Maabara Tu
Haya sasa. Uzi umegeuka.

#14 Baharia wa Likoni
Hata mimi naona umegeuka, lakini si kwa namna ya kufuta nilichosema. Kuruka dozi ndiyo njia bora kabisa ya kutengeneza usugu. Dawa inakuwepo kidogo tu, virusi vya kawaida vinazuiliwa, vilivyobadilika vinapata nafasi.

#15 Dokta wa Kata
Ndiyo, ila tutenganishe mambo mawili. Kuna virusi kupanda kwa sababu dawa haipo mwilini, na kuna virusi kupanda huku dawa ipo. La pili tu ndilo usugu. Kwenye zile tafiti za dawa mpya, wagonjwa wengi ambao virusi vilipanda, walipochunguzwa hawakukutwa na mabadiliko yoyote ya usugu. Walikuwa hawamezi.

Na swali kwa mleta uzi: ile karatasi ya "chini ya 20" ni ya mwaka gani? Kama ni ya baada ya 2020, basi kuruka kwa Korona hakuwezi kuwa maelezo pekee.

#16 Mwananzengo
Ni ya 2022.

#17 Dokta wa Kata
Basi alipita salama kwenye ile mapumziko. Sasa macho yangu yanahamia Kariakoo.

#18 Chogo wa Temeke
Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Vidonge vya "mtu Kariakoo" havina risiti, havina namba ya toleo, havijulikani vilikaa kwenye kontena la joto kiasi gani. Mamlaka ya dawa, TMDA, wana orodha ya dawa zilizosajiliwa, angalia kama hiyo imo. Mimi nilinunua dawa ya presha kwa mtindo huo, presha ikagoma kushuka, nilipohamia duka lenye mfamasia ikashuka dozi ileile.

#19 Mwanaidi K.
Mimi naomba niseme la kwangu kwa sababu linahusu hoja ya "kuacha".

Nilikuwa kwenye tenofoviri. Huku kwetu tulikuwa tunaipata kliniki ya CTC, yaani unapanga foleni moja na wanaotumia ARV, na kadi unapewa ileile. Sina VVU, ila nani mtaani atakayekuelewa? Wifi yangu aliniona pale, habari ikafika nyumbani kabla yangu. Nikaacha kwenda. Nilijiambia virusi havionekani, ALT iko sawa, nimepona.

Haukupita muda mrefu nikawa wa njano mpaka viganja. Nililazwa. Daktari alisema ukiacha tenofoviri, mara nyingi virusi vinarudi mapema, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na entekaviri huchelewa kidogo, nusu mwaka hivi. Kinga ya mwili ikishtuka kuona virusi vimejaa inalishambulia ini lenyewe.

Mwambie mjomba asiache hata iweje. Na wenye kupanga huduma, mgonjwa wa ini mtafutieni mlango wake.

#20 Mama Wawili
Mwanaidi asante kwa ujasiri wako. Hilo la foleni ya CTC nimeliona likiwatoa watu kwenye dawa kuliko madhara ya dawa yenyewe.

#21 Msomaji wa Usiku
Nisimame upande wa pili kidogo, msinipige mawe. Kuacha dawa si dhambi kila mahali. Kuna utafiti wa Ugiriki uliochapishwa 2012: wagonjwa 33 wenye HBeAg negativu (alama nyingine ya kirusi kwenye damu) waliokula adefoviri, dawa nyingine ya B, miaka minne mitano, wakasimamishwa kwa makusudi. Wote virusi vilirudi kwanza, lakini zaidi ya nusu walitulia bila dawa, na 13 kati yao walipoteza HBsAg kabisa. Hicho ndicho kinachoitwa kupona kwa kirusi hiki. Yaani ule mshtuko wa kinga ambao Mwanaidi ameusema, kwa wengine ndio unaomaliza kazi.

#22 Dokta wa Kata
Utafiti upo na ni wa kweli, ila usimwachie mjomba ausome nusu. Wale hawakuwa na ini lililosinyaa, yaani sirosisi, na walifuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Baadaye majaribio kama hayo yalifanyika kwingine, na kwa watu wa Asia matokeo hayakuwa mazuri kiasi hicho, wengi walirudi kwenye dawa. Mtu mwenye sirosisi akiacha anaweza kufa kwa mlipuko mmoja tu. Wewe unayelipia kipimo cha wingi mfukoni, utapima kila mwezi? Mimi kituoni kwangu sina hata ALT ya uhakika kila wiki.

#23 Msomaji wa Usiku
Hapo kwenye vipimo nakubali. Hoja yangu ilikuwa kwa wanaosema hakuna anayeacha maisha yake yote. HBsAg ikipotea, ikathibitishwa, watu wanaacha.

#24 Kijana wa Buza
Wakuu samahani nichomekee langu. Nilipata kazi Oman, nikapelekwa kupima afya kwa ajili ya viza, nikakatwa kwa homa ya ini B. Nikimeza tenofoviri mpaka virusi visionekane, nikapime tena nitapita?

#25 Maabara Tu
Mdogo wangu, pole. Hapana. Wale wanapima HBsAg, ile protini ya ganda la kirusi, hawapimi wingi. HBsAg inaendelea kutengenezwa hata kama wingi ni sifuri, kwa sababu lile duara la Dokta kwenye #3 bado linafanya kazi, na pia vipande vya DNA ya kirusi vinakuwa vimejichomeka kwenye DNA yako mwenyewe. Dawa inachukua miaka mingi kuishusha HBsAg, na kwa wengi haishuki kufikia kupotea.

Usimeze dawa kwa ajili ya viza halafu uache ukikatwa tena. Soma #19. Nenda upimwe kama unahitaji dawa kwa ajili ya ini lako.

#26 Kijana wa Buza
Dah. Asante bro.

#27 Mkulima wa Kibaigwa
Nasoma kimya tangu mwanzo. Kwani mmesahau sumukuvu? Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu waliumwa ini na wengine wakafa, ikagundulika ni mahindi yenye sumukuvu. Kenya nao 2004 walikufa 125. Mjomba anakula ugali kila siku mlima mzima kama alivyosema Mzaramo. ALT 188 inaweza kuwa ni mahindi.

#28 Baharia wa Likoni
Mkulima, 2004 ilikuwa Ukambani zaidi, Makueni na Kitui, tunaikumbuka sana huku. Hoja yako ni nzito kwa upande mmoja: sumukuvu na homa ya ini B zikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya saratani ya ini inazidishwa, haijumlishwi tu. Lakini sumukuvu haipandishi wingi wa virusi kutoka chini ya 20 hadi 61,000. ALT pekee ingepanda ningekuunga mkono.

#29 Mkulima wa Kibaigwa
Nimekuelewa. Ila mahindi yakaushwe vizuri jamani, msianike chini kwenye udongo.

#30 Msomaji wa Usiku
Kwa mantiki hiyohiyo, na kirusi cha delta tukitoe? Delta kinamwingia mwenye B tu, na ALT inapaa.

#31 Dokta wa Kata
Delta kikiingia mara nyingi kinakibana kirusi cha B, kwa hiyo ungeona ALT juu na wingi wa B uko chini. Kwa mjomba vyote viko juu. Sikitoi kabisa, maana kila mwenye HBsAg anastahili kupimwa delta angalau mara moja, lakini kwangu kiko mwisho wa foleni.

Nina swali ambalo sijaliona likiulizwa: mjomba ametumia dawa yoyote ya kushusha kinga? Prednisoloni, deksamethasoni, dawa za saratani, za baridi yabisi?

#32 Mwananzengo
Ana shida ya magoti. Amechomwa sindano za goti mara kadhaa mwaka huu kwenye hospitali moja binafsi, na kuna vidonge vidogo vyeupe alipewa "vya uvimbe". Jina hajui.

#33 Chogo wa Temeke
Mleta uzi kila tukikaribia kufunga faili unaleta ukurasa mpya 😂

#34 Mama Wawili
"Vidonge vidogo vyeupe vya uvimbe" ni sentensi inayonitia wasiwasi kila siku ya kazi. Kama ni prednisoloni na amevitumia wiki nyingi, hilo linaweza kabisa kumwamsha kirusi. Muulize alikuwa anameza vingapi na kwa muda gani.

#35 Baharia wa Likoni
Sindano ya ndani ya goti yenyewe hatari yake ni ndogo. Vidonge ndiyo. Ila mtu aliye kwenye entekaviri inayofanya kazi, steroidi kama hiyo prednisoloni haitakiwi kuvipandisha virusi, ndiyo maana madaktari huwapa wagonjwa wa kemotherapia hizohizo dawa za B kama kinga. Kwa hiyo tunarudi palepale: entekaviri yake haifanyi kazi. Ama kwa usugu, ama kwa ugali, ama kwa Kariakoo.

#36 Dokta wa Kata
Ama kwa vyote vitatu. Kipimo cha kusoma mabadiliko ya kirusi ndicho kingetuambia, na hicho hakipatikani kirahisi. Kwa bahati nzuri kitendo kinachofuata kinafanana: tenofoviri inafanya kazi kwa waliogomewa na lamivudini na kwa waliogomewa na entekaviri. Imetumika kwa homa ya ini B tangu 2008, na kwenye majaribio yaliyofuatilia wagonjwa miaka minane hakuna usugu wa wazi uliopatikana. Pia haijali sana tumbo tupu.

#37 Mwanaidi K.
Na bei yake? Maana mjomba analipa mwenyewe.

#38 Msomaji wa Usiku
Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilisema inaweza kupatikana kwa kama dola 2.4 kwa mwezi, lakini nchi nyingi zinalipa zaidi. Ripoti hiyohiyo: watu milioni 254 wana ugonjwa huu wa kudumu, na wanaotumia dawa ni kama 3 tu kati ya 100. Dawa ya bei hiyo! Inauma.

#39 Mwananzengo
Shida ni kwamba mjomba ana kisukari. Kuna aliyemwambia tenofoviri inaua figo.

#40 Dokta wa Kata
Inaweza kuzigusa figo na mifupa kwa baadhi, ndiyo sababu kriatinini, kipimo cha damu cha figo, inapimwa kabla na wakati wa dawa, na muda kati ya dozi na dozi unaongezwa kama figo zimechoka. Kuna aina mpya, ile ya alafenamaidi, inayozihurumia figo, imekuwepo tangu 2016. Akapime kriatinini na mkojo kwanza, wala asiogope kabla ya majibu. Virusi 61,000 na ALT 188 navyo vinaua.

Na jingine: je, amepimwa VVU karibuni? Simtuhumu mtu. Entekaviri au tenofoviri peke yake kwa mtu mwenye VVU asiyejijua inakitengenezea usugu kirusi cha VVU. Hicho ni kipimo cha lazima kabla ya kubadilisha.

#41 Shaban wa Ilala
Mimi nina vyote viwili, VVU na B. Niko kwenye kidonge kimoja cha mchanganyiko, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Zamani nilikuwa kwenye ile ya stavudini, lamivudini na nevirapini, kumbe kwa upande wa ini nilikuwa nakula lamivudini peke yake kama mjomba. Nilipohamia yenye tenofoviri ndipo ini likatulia. Kwa hiyo mjomba akihamia, nina matumaini naye.

#42 Kambi Popote
Shaban kwa hiyo hicho kidonge kinaponya B kabisa?

#43 Shaban wa Ilala
Hakiponyi, kinazuia. Na niliambiwa siku nikibadilishiwa mpango wa VVU, hata sindano za muda mrefu, nihakikishe tenofoviri haitolewi bila mtu kufikiria ini.

#44 BintiPemba
Jamani na mie nina la mwisho. Nina ujauzito wa miezi mitano, na mume ndio huyo. Mimi nilipimwa kliniki nikaambiwa sina. Nichanje?

#45 Mama Wawili
Hongera mama. Ndiyo, kama HBsAg huna na kinga huna, chanjo ni salama kwa mjamzito. Mtoto kwenye ratiba ya kawaida anachanjwa wiki ya 6, 10 na 14, imeingizwa kwenye chanjo za watoto Tanzania tangu 2002. Ungekuwa nayo wewe, ingetakiwa mtoto achanjwe ndani ya masaa 24 ya kuzaliwa, na wewe kama virusi ni 200,000 au zaidi upewe tenofoviri ukiwa mjamzito. Kunyonyesha hakukatazwi.

Mleta uzi, watoto wa mjomba na shangazi wamepimwa? Waliozaliwa kabla ya 2002 hawakuchanjwa utotoni.

#46 Mwananzengo
Wawili wamezaliwa kabla. Hawajapimwa hata mmoja, na shangazi naye hajapimwa. Nimewapigia sasa hivi.

Kwa mjomba: Jumatatu anakwenda kupima kriatinini, VVU na kurudia wingi kwenye maabara ileile ya 2022. Daktari bado anasema usugu. Shemeji anasema ni vidonge vya Kariakoo, na mjomba mwenyewe ameanza kulaumu goti. Nitaleta majibu.

#47 Maabara Tu
Aende na chupa ya hivyo vidonge na vile vyeupe vya goti, hata kama vimebaki viwili. Chupa tupu pia inafaa, mradi lebo isomeke. Na asiache entekaviri akisubiri Jumatatu, ila usiku huu aimeze masaa mawili baada ya ugali.